James yupi ni wetu? Kumsaka babu wa kiwandani aliyeacha jina tu

Swali, kwa ufupi: Msomaji mzaliwa wa Tanga anaishi kaskazini mwa Uingereza na mumewe Mwingereza na watoto wao. Upande wake wa Pangani, anasema, bibi zake huhesabu vizazi saba bila kuvuta pumzi. Upande wa mume wanalo jina moja tu: James, babu wa baba mkwe wake, aliyezaliwa yapata 1880, akafanya kazi katika kiwanda cha pamba mjini Oldham, akafariki kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. "Nimeingia mtandaoni nikakuta akina James wa ukoo huo wamejaa. Watoto wananiuliza yupi ni wetu. Nianzie wapi, na je, vizazi saba tutafika?"

Jibu:

Dada yangu, huyu anatafutika. Mtoto aliyezaliwa Oldham mwaka 1880 alizaliwa katika nchi iliyokuwa ikimwandika karibu kila mtu, tajiri na fukara, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ipo mpaka leo. Taabu ni jina. La ukoo nalihifadhi, lakini wewe na mimi tunajua kwamba limejaa Oldham kama akina Juma Hamisi walivyojaa Tanga. Liandike mtandaoni utaletewa rundo, na hakuna kompyuta itakayokuchagulia wa kwenu.

Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanamfukuza mtu kwa jina lake. Mfanyakazi wa Kiingereza wa enzi hizo mara nyingi hakuacha shajara, hakuacha barua, wala hakuandika wasia, maana hakuwa na cha kurithisha. Karibu kila karatasi inayomtaja iliandikwa na karani kwa haja ya serikali, si kwa haja yake: kuhesabu watu, kuhakikisha mtoto haingii kiwandani kabla ya umri, kujua nani atalipa gharama za mjane. Lakini kwenye karatasi hizo ni nadra kumkuta peke yake. Yuko na mke, na shemeji aliyepangishwa chumba, na shahidi wa ndoa, na jirani aliyekwenda kuripoti kifo. Hao ndio watakaokupeleka kwake. James mwenye wenzake unaowatambua mfuate. James asiye na wenzake mwache kwanza, hata kama umri na mtaa vinafanana.

Kabla ya kompyuta basi, kaa na baba mkwe. Usimuulize "unamjua babu yako?", maana atakujibu kwamba alikufa yeye hajazaliwa, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize juu ya wanawake. Shangazi zake waliitwa nani, na waliolewa na akina nani? Bibi yake alikuwa binti wa nani kabla ya kuolewa? Nani alikuwa akija kula nao Krismasi? Familia ilisali kanisa la Anglikana, kanisa la Wamethodisti, au ni Wakatoliki wenye asili ya Ireland? Hili la dini si udadisi mtupu, kwa kuwa ndilo litakalokwambia baadaye ufungue rejista ipi. Kisha omba kuonyeshwa kopo la biskuti. Waingereza wengi hawaikariri nasaba, lakini makaratasi hawatupi: bima ya mazishi ya senti chache kwa wiki, kadi ya msiba yenye ukingo mweusi, medali, kitabu alichopewa mtoto na shule ya Jumapili kikiwa na jina na tarehe ndani ya jalada. Waulize na mawifi zako, tena kila mmoja peke yake. Wakiwa pamoja, mwenye sauti kubwa huwafunika wenzake.

Baada ya hapo ndipo vyeti. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Rudi nyuma hatua moja moja, bila kuruka. Cheti cha kuzaliwa cha baba mkwe kitakupa baba yake. Cheti cha huyo baba, ambaye unasema alizaliwa yapata 1908, kitakupa James mwenyewe kwenye safu ya baba, pamoja na kazi yake, anwani, na jina la mkewe likiwa na ukoo wa kwao. Jina hilo la kwao mke ndilo ufunguo wa nyumba nzima. Likamate.

Ofisi Kuu ya Usajili, yaani GRO, ina faharasa yake mtandaoni ambayo ukishajiandikisha unaitafuta bila malipo, na tangu 1837 imeweka ukoo wa mama kwenye vizazi na umri kwenye vifo. Faharasa za zamani ambazo tovuti nyingi hutumia, ikiwamo FreeBMD, zina ukoo wa mama kuanzia robo ya tatu ya 1911 tu. Kwa ukoo uliojaa kama wenu, tofauti hiyo ni usiku na mchana. Tafuta watoto wote wenye ukoo wa James na ukoo wa mama unaolingana, wilaya ya usajili ya Oldham, kati ya 1900 na 1925. Dakika chache tu nao watoto wote wa ndoa ile watajipanga mbele yako, wakiwamo ambao baba mkwe hajawahi kuwasikia kwa sababu walikufa wachanga. Ukihitaji rekodi yenyewe, GRO huuza picha za kidijitali za vizazi vingi vya zamani kwa bei ndogo kuliko cheti cha karatasi. Nunua picha.

Cheti cha ndoa ya James ndicho nitakachokisoma polepole kuliko vyote. Kitataja jina la baba yake na kazi ya baba yake. La mama hutalikuta: vyeti vya ndoa vya Uingereza vilianza kumwandika mama Mei 2021 tu, baada ya miaka karibu 184 ya kuandika baba peke yao. Angalia mashahidi, kwa kuwa aghalabu ni ndugu wa bibi au bwana harusi. Angalia kama mtu ametia sahihi au ameweka alama ya msalaba. Ukikuta umeandikwa mtu mzima tu badala ya umri, maana yake ni miaka 21 au zaidi. Usishangae kama harusi ilifungwa siku ya Krismasi. Watu wa viwandani walioa siku ambayo king'ora cha kiwanda hakilii. Na jina la baba lipokee kwa tahadhari, kwa sababu aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kumtaja babu yake au hata kubuni baba, ili kasisi asiache safu tupu mbele ya wakwe.

Sasa akina James wenyewe. Usitafute aliye sawa; waondoe wasio sawa. Kusanya kila James wa ukoo huo aliyesajiliwa kati ya 1878 na 1882 katika wilaya ya Oldham, ambayo ilichukua pia Royton, Chadderton na Crompton, pamoja na wilaya jirani za Rochdale na Ashton-under-Lyne. Andika kila mmoja kwenye mstari wake. Kisha fungua faharasa ya vifo uwatoe waliokufa wachanga, na kwa bahati mbaya watakuwa wengi. Waliobaki watafute kwenye sensa ya 1911: mwenye mke mwingine, mtoe, aliyebaki kapera kwa mama yake, mtoe. Wakibaki wawili, jina la baba kwenye cheti cha ndoa litaamua. Kazi hii inachosha na haina ladha, nami naiamini kuliko kidokezo chochote kinachoruka na kumeta pembeni mwa tovuti za kulipia.

Na usipomwona kabisa kwenye vizazi? Usikate tamaa. Charlie Chaplin, aliyekulia katika ufukara wa kusini mwa London na anayesemekana kuzaliwa Aprili 1889, mpaka leo hajapatikana cheti cha kuzaliwa. Katika miaka ya 1950 idara ya usalama ya Uingereza, MI5, ilimsaka kwa ombi la Wamarekani, nayo ikarudi mikono mitupu. Lakini utoto wake umeandikwa kwingine: kwenye daftari za nyumba ya maskini ya Lambeth na za shule ya watoto fukara huko Hanwell alikopelekwa mwaka 1896. Mtu anaweza kuukosa mlango mmoja akawa ameingia kwa mlango wa pili.

Sensa ndiyo moyo wa kazi. Ilifanyika kila baada ya miaka kumi tangu 1801, na majina ya watu wote yamehifadhiwa kuanzia 1841. Ya 1921 ndiyo ya karibuni iliyo wazi, ilitolewa Januari 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942 mahali ilipokuwa imehifadhiwa, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo baada ya 1921 kinachobaki ni Rejista ya 1939, iliyochukuliwa tarehe 29 Septemba mwaka huo kwa ajili ya vitambulisho na mgao wa chakula. James wenu hatakuwamo kama alikuwa amekwisha kufa, lakini mjane wake anaweza kuwamo, tena akiwa na tarehe kamili ya kuzaliwa. Mabinti zake pia: rejista ile iliendelea kutumika kwa miongo mingi, na msichana aliyeolewa baadaye mara nyingi utaona ukoo wa mume umeandikwa juu ya wa zamani. Hivyo ndivyo utakavyowapata binamu.

Anza na 1921. Inataja mwajiri na mahali pa kazi, kwa hiyo hutaambiwa tu kwamba James alikuwa wa pamba; utaambiwa kiwanda kipi. Kisha rudi 1911, nami naomba hapa utulie. Katika sensa za nyuma karani alinakili majibu kwenye kitabu chake na karatasi za wenye nyumba zikatupwa. Ya 1911 karatasi yenyewe imebaki. Mwandiko unaouona unaweza kuwa wa James mwenyewe, na sahihi iliyo chini ni yake. Kwa wengi wa tabaka lake hakuna mwandiko mwingine uliobaki duniani. Katika karatasi hiyo wanandoa waliulizwa wameoana miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi walio hai walipozaliwa, wangapi bado wapo, na wangapi wamekufa. Ukikuta miaka sita, watoto wanne, wawili wapo, rudi kwenye orodha uliyoitoa GRO uone kama hesabu inakubali. Wapo waliojaza safu hizo hata pale walipokuwa wajane na hawakutakiwa kujaza. Karani akapiga mstari juu yake, lakini yanasomeka.

Kutoka 1911 shuka mpaka 1901, 1891 na 1881. Ya 1881 inapatikana bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Umri utayumba mwaka mmoja au miwili, na ukoo utaandikwa jinsi karani alivyosikia, kwa hiyo usidai herufi zilingane. Dai nyumba ilingane: baba yuleyule wa cheti cha ndoa, dada wale wale ambao baba mkwe aliwataja kama shangazi wa baba yake. Na soma ukurasa mzima, si mstari mmoja. Nyumba tatu kabla na tatu baada mara nyingi zina mjomba, mama mzaa mke, au familia itakayotoa bibi harusi miaka ishirini baadaye.

Kosa moja dogo linalowasumbua wageni: kwenye ramani ya leo Oldham iko Greater Manchester, lakini mkoa huo uliundwa 1974. Kabla ya hapo ni Lancashire, na makaratasi yako yatasema hivyo. Hata namba ya rekodi katika ofisi ya usajili ya mjini si ile ya GRO. Ukinunua kwa moja usipeleke namba ya nyingine.

Sasa kazi. Watu wengi huandika "alifanya kazi kiwandani" wakaendelea, nami naona wameruka sehemu ambayo James alitumia maisha yake. Oldham haikuwa na kiwanda cha pamba. Yenyewe ilikuwa kiwanda cha pamba. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia mji huo ulikuwa na visokotio yapata milioni 16, na hakuna mji uliousogelea. Kazi yake kuu ilikuwa kusokota nyuzi. Kufuma nguo kulifanyika zaidi kaskazini, Blackburn na Burnley. Kwa hiyo ukikuta karani ameandika "cotton piecer", usidhani ni neno la jumla tu. Ni cheo, na kina historia yake.

Mtambo wa kusokota uliitwa mule. Ulikuwa na kigari kirefu chenye mamia ya visokotio kilichokwenda mbele na kurudi nyuma, siku nzima. Msokotaji mkuu alisimamia mitambo miwili inayotazamana, na chini yake walikuwapo wasaidizi wawili: mkubwa na mdogo. Wasaidizi hao ndio piecer. Kazi yao ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika huku kigari kikiendelea kutembea, wakienda nacho maili nyingi kwa siku, mara nyingi miguu mitupu kwa sababu sakafu ya mbao ilikuwa imelowa mafuta. Chumba kiliachwa na joto na unyevu ili uzi usikatike. Na waliowalipa si wenye kiwanda bali msokotaji, kutoka kwenye ujira wake, naye alibaki na sehemu kubwa.

Mpango ulikuwa kwamba mtoto huingia kama msaidizi mdogo, anakuwa mkubwa, kisha siku moja anapewa mitambo yake. Lakini kila msokotaji mmoja alikuwa na wasaidizi wawili, na nafasi ilipatikana mtu akifa au kiwanda kipya kikijengwa, hivyo hesabu haikubali. Wanaume wengi walibaki wasaidizi wakiwa na miaka thelathini, na mke na watoto, kwa mshahara wa kijana. Ndiyo maana nataka usome neno hilo mwaka hadi mwaka. James akiwa msaidizi 1901 na msokotaji 1911, nyumba imepanda daraja. Tafuta kama na anwani imebadilika. Akiwa msaidizi katika zote mbili, basi umejua kwa nini mkewe ameandikwa chumba cha kuchania pamba badala ya safu yake kuachwa tupu, na kwa nini kuna mpangaji.

Utotoni kwake pia kumo humo. Katika sensa ya Aprili 1891 angekuwa na miaka 10 au 11, na wakati huo sheria iliruhusu mtoto wa miaka 10 kufanya kazi nusu siku na kusoma nusu siku. Wiki hii asubuhi kiwandani na mchana darasani, wiki ijayo kinyume chake. Umri ulipandishwa hadi 11 mwaka 1893, kisha 12 mwaka 1899, na utaratibu wenyewe ukafutwa kwa sheria ya elimu ya 1918. Wazazi wengi wa Lancashire waliutetea kwa nguvu, kwa sababu senti za mtoto zilikuwa kodi ya nyumba. Waambie wanao hilo kama lilivyo, bila kumfanya babu yao wa kuhurumiwa tu. Saa za watu wazima nazo zinajulikana: sheria ya 1874 iliweka saa 56 na nusu kwa wiki, ya 1901 ikapunguza moja, na 1919 zikafika 48. Halafu mara moja kwa mwaka mji mzima ulifunga viwanda kwa pamoja na watu wakajaa kwenye treni kwenda Blackpool. Kama kwenye lile kopo kuna picha ya watu wamesimama ufukweni na suti zao nzito, huenda ndiyo siku hizo.

Vita ya Kwanza siwezi kuiruka, na kwako ina sababu ya ziada. Kuanzia 1916 wanaume waliandikishwa kwa lazima, makapera kwanza na waliooa baadaye mwaka huohuo, kwa hiyo James wa miaka 36 alikuwa ndani ya umri. Faili za askari wa kawaida ziliungua sehemu kubwa katika shambulio la mabomu London Septemba 1940. Zilizosalia, nyingine zikiwa na kingo nyeusi za moto, zinasomeka kwenye tovuti za kulipia. Usipoipata faili haimaanishi hakwenda. Jaribu kadi za medali, na orodha za wapiga kura walio mbali za 1918, ambazo zikiwa zimebaki humpa askari namba na kikosi kwenye anwani ya nyumbani kwake. Na kwa kuwa wewe ni wa Tanga: kikosi cha kawaida cha Waingereza kilichoshuka pale Novemba 1914 pamoja na askari wa India, kikapigwa na kurudishwa melini, kilikuwa batalioni ya pili ya Loyal North Lancashire, yaani kikosi cha mkoa wa mumeo. Sisemi James alikuwamo. Nasema tu kwamba Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina majina ya waliokufa, na kutafuta ni bure, kama mngependa kuona nani wa ukoo huo amelala upande wenu.

Juu ya umaskini, usiogope ukikuta nyumba ya maskini. Sheria ya 1834 ilizipanga nyumba hizo kwa ukali ili mtu asizikimbilie kirahisi, na aibu yake ilidumu kuliko sheria yenyewe. Lakini kufikia wakati wa James, hospitali ya nyumba ya maskini ndiyo iliyokuwa hospitali ya watu wengi wasio na hela. Ya Oldham ilikuwa Rochdale Road, mahali ilipo leo hospitali ya Royal Oldham. Kwa hiyo cheti cha kifo chenye anwani hiyo kinaweza kumaanisha tu kwamba aliugua. Tena kuanzia 1904 wasajili walielekezwa kuandika anwani ya mtaa kwa watoto waliozaliwa humo, ili cheti kisimfuate mtoto maisha yake yote.

Cheti cha kifo soma safu ya aliyeripoti. Huyo ndiye aliyekuwa karibu naye mwisho, na akiwa binti aliyeolewa umepata ukoo mpya. Sababu ya kifo kwa watu wa pamba mara nyingi ni kifua. Kaburi huenda ni la pamoja, watu kadhaa wasiohusiana katika shimo moja bila jiwe. Daftari la makaburi litakupa namba yake hata kama juu ni majani matupu. Ulizia Greenacres na Chadderton.

Mambo matatu ya haraka. Miti ya ukoo ambayo watu wengine wameipandisha mtandaoni itumie kama uvumi wa barazani, maana mmoja hukosea na mia hunakili. Wanaouza nembo ya ukoo kwenye fremu wanauza picha. Nchini Uingereza nembo hupewa mtu na wazao wake, haipewi kila mwenye jina hilo. Kipimo cha vinasaba kinafaa ikiwa safu ya baba kwenye cheti cha James iko tupu, na hapo mpime baba mkwe kwa ridhaa yake, si watoto.

Wala usilipie kila kitu. Maktaba nyingi za umma Uingereza zina tovuti hizi za kulipia bure ukiwa ndani ya jengo, na Maktaba Kuu ya Manchester ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizoruhusiwa kuionyesha sensa ya 1921 bila malipo tangu ilipotolewa. Ukienda huko pita kwenye magazeti ya Oldham. Maisha ya mfanyakazi huingia gazetini kwa ajali, kesi ndogo, mchezo wa kriketi na uchunguzi wa kifo, na hapo mara moja moja utamsikia akinukuliwa.

Ama vizazi saba, tuhesabu. Watoto wako ni wa kwanza, mumeo wa pili, baba mkwe wa tatu, baba yake wa nne, James wa tano. Baba yake James, ambaye cheti cha ndoa kitamtaja, ni wa sita, na huenda alizaliwa miaka ya 1850. Wa saba ni babu yake James, wa miaka ya 1820 hivi, yaani kabla usajili wa serikali haujaanza. Kwa hiyo ndiyo, mtafika, lakini kwenye kizazi hicho hicho cha saba mtabadilisha zana. Usimtafute kwenye sensa ya 1841, ambayo umri wa wakubwa ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano (wa miaka 23 akaandikwa 20), na mahali pa kuzaliwa pameandikwa tu kama ni ndani ya mkoa au la. Mtafute 1851, itakayotaja parokia. Kisha fungua rejista ya ubatizo ya parokia hiyo: tangu 1813 zilijazwa kwenye fomu iliyochapishwa, nayo hutoa makazi na kazi ya baba. Mradi wa Lancashire OnLine Parish Clerks umenakili rejista nyingi za mkoa na hautozi kitu. Kama baba mkwe alikwambia ni Wamethodisti, anza na ya kanisa lao, lakini ndoa ya wazazi wa huyo wa saba itafute kwa Waanglikana, kwa sababu kati ya 1754 na 1837 karibu kila mtu isipokuwa Wayahudi na Wakweka (Quakers, dhehebu dogo la Kikristo) alilazimika kufungia ndoa huko. Na ukikuta huyo wa saba ameandikwa mfumaji wa mkono, ukoo huu ulikuwa kwenye pamba kabla James hajaingia kiwandani.